Hasara ya Mwenye Nyumba Ni Deni la Nani?

Ndugu wakatekumeni, mkiulizwa juu ya amri ya saba, wengi wenu hujibu upesi: mwizi ni yule avunjaye mlango usiku, na yule apelekaye ng'ombe wake katika shamba la jirani. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Yako matendo mengi ya kutwaa mali ya mwenzako yafanyikayo mchana, mbele ya mashahidi, kwa karatasi na sahihi, na mwishoni watu hupeana mikono. Leo tutazame moja tu, yaani jambo la kupangisha nyumba, na hasa nyumba iliyopoteza thamani kwa sababu mahali ilipojengwa pameharibika.

Labda mmoja wenu atasema: Sisi tu watu wa kijiji, hatupangishi nyumba kwa mtu. Lakini tazameni. Ni wangapi kati ya watu wa Masisi, wa Rutshuru na wa Nyiragongo ambao katika miaka hii waliacha nyumba zao wakawa wapangaji mjini Goma? Ni wangapi wenye mtoto asomaye mjini, alalaye katika chumba cha kulipiwa kila mwezi? Na ninyi mkodishao shamba kwa msimu, jambo lenu ni lile lile. Basi sikilizeni.

Tuseme yuko mjane mmoja. Mume wake alimjengea nyumba ya mbao juu ya msingi wa makoro, yaani yale mawe meusi ya volkano, vyumba vinne na jiko la nje, magharibi mwa Goma, upande wa njia iendayo Sake. Mpangaji wake wa kwanza alikuwa karani wa shirika la misaada, naye alilipa dola 100 kila mwezi. Kwa fedha hiyo yule mama alilipa ada za shule za watoto watatu. Kisha vita vikakaribia, yule karani akahama, na nyumba ikakaa tupu miezi mitano. Ajaye kuitazama hutaja dola 40, tena hutaja kwa kusitasita. Na liko jambo jingine. Nyuma ya nyumba, kando ya ua, pana shimo pana kama bonde dogo, na humo mbuzi wawili walikutwa alfajiri wamekufa, pasipo jeraha wala ugonjwa.

Watu watatu wakaja kumshauri. Shemeji yake akasema: "Usishushe hata dola moja. Marehemu ndugu yangu alimaliza dola 6,000 katika ujenzi. Nani atatulipa hasara hiyo kama si mpangaji?" Komisioneri, yaani yule atafutaye wapangaji kwa malipo, akasema: "Mama, paka rangi, tupa majani katika lile shimo, wala usiseme neno. Mtu akiisha kutoa garanti, amekwisha kuingia." Jirani naye akasema: "Vumilia kidogo. Wakimbizi watakuja tena, hawakosi kamwe. Siku hiyo vigawe vyumba vinne viwe vinane, na kila kimoja ukitoze unavyotaka." Wote watatu wampenda yule mama, wala sina shaka juu ya hilo. Mashauri mabaya mengi hutoka kwa watu watupendao.

Kabla ya kuwapima hao watatu, hatuna budi kufahamu namna thamani ya nyumba inavyopanda na kushuka mjini Goma, maana yule mama hakuiharibu nyumba yake kwa uvivu. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada ya nchi nyingi. Wafanyakazi wao walihitaji nyumba, nao walilipa kwa dola. Tangu wakati ule nyumba nzuri, hasa za karibu na ziwa, zikawa na bei ambayo mwalimu au mchuuzi hawezi hata kuitaja. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ukapasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, ikateketeza maduka, nyumba na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na watu wapata 120,000 wakakosa makao. Mtu aliyelala akiwa na parsele yenye migomba aliamka akiwa na mwamba wenye moshi. Wakajenga tena juu ya mwamba ule ule, kwa mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi na huweza kuhamishwa. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukamwaga lava mara nyingine. Ilisimama karibu na kiwanja cha ndege, ikiwa imekwisha kula maelfu ya nyumba katika vijiji vya kaskazini, na siku 5 baadaye serikali ikaamuru mitaa 10 ya mji ihame. Kisha ikaja vita. Mwezi wa Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi huko Mugunga na Lac Vert. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wote ukatwaliwa na M23, kiwanja cha ndege kikafungwa na mabenki yakafungwa, na wengi waliokuwa wakipokea mshahara wa dola wakaondoka. Nyumba zilizokuwa zikigombewa zikabaki na mlinzi tu.

Basi mwaona kwamba bei ile ya dola 100 haikutoka katika mbao wala katika mabati. Mbao ni zile zile. Bei ilitoka katika mahali na katika watu waliopataka mahali pale. Mahali palipoanguka, bei ikaanguka pamoja napo.

Sasa tumjibu shemeji. Yeye asema hasara ya ndugu yake imrudie kwa mkono wa mpangaji. Tuulize: mpangaji analipa kwa ajili ya kitu gani? Hanunui mbao, maana siku atakapotoka ataziacha. Hanunui jasho la marehemu. Analipa kwa ajili ya matumizi ya nyumba katika mwezi huu: asinyeshewe na mvua, alale kwa usalama, watoto wafike shuleni, maji yasiwe mbali, kazi ipatikane karibu. Yakipungua hayo, kitu anachopokea kimepungua, ijapokuwa nyumba haikupungua hata ubao mmoja.

Ninyi wakulima mwalijua jambo hili kuliko watu wa mji. Mtu alikodi shamba lako kwa magunia mawili ya maharagwe kwa msimu. Miaka ikapita, udongo ukachoka, na sasa shamba halitoi nusu ya mavuno ya kwanza. Ukimwambia mkodi wako, "Lazima unipe magunia mawili, kwa sababu baba yangu alilinunua shamba hili kwa ng'ombe wawili," kijiji kizima kitacheka. Ng'ombe wa baba yako hawaoteshi maharagwe ya mwaka huu. Hali kadhalika zile dola 6,000 za marehemu hazizuii mvua ya leo. Zilikwisha kufanya kazi yake.

Hasara ilimpata mwenye nyumba siku ile mahali palipoharibika. Ni msiba wake, nasi twamhurumia kweli. Lakini mpangaji wa leo hakuwapo, hakuleta vita, hakuuamsha mlima. Mkimtoza dola 100 kwa kitu ambacho kwa haki ni cha dola 40, na kwa kuwa hajui akakubali, hizo dola 60 si kodi ya nyumba. Ni mzigo wa yule mama uliotuliwa kichwani pa mwingine, wala mzigo haukupungua hata kidogo.

Walakini tusimhukumu shemeji kupita kiasi. Kutaja bei kubwa si wizi. Bei ya haki si kama ncha ya sindano. Ina upana kama njia, na watu wawili waaminifu waweza kutofautiana, mmoja akisema 40 na mwingine 55, bila dhambi. Mtu ajuaye yote, mwenye nafasi ya kwenda pengine, akipenda mwenyewe kulipa 60 kwa sababu ndugu zake wanakaa jirani, hakuna aliyemwibia. Tena mwenye nyumba hapaswi kuitoa bure. Mabati yanatoboka, serikali yadai kodi yake, na mjane naye hula. Kosa la shauri la shemeji ni jingine: ni la kukosa busara. Nyumba ya mbao isiyokaliwa Goma haikai salama. Mvua huingia pasipo mtu wa kuziba, na ubao mmoja ukiisha kung'olewa na wezi, wa pili haukawii. Miezi mitano yule mama amekosa dola 40 mara tano, yaani dola 200, akingoja dola 100 ambazo hakuna aliyezishika mkononi. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, huku heshima ya marehemu ikilindwa na popo darini. (Sitaingia hapa katika swali la kama shemeji ana haki yoyote ya kuamua juu ya nyumba ya mjane wa ndugu yake. Swali hilo lataka ukurasa wake, na linawaka moto.)

Shauri la komisioneri ni zito zaidi, kwa maana linagusa uhai. Wale mbuzi hawakulogwa. Katika nchi yetu, magharibi mwa Goma na kandokando ya ziwa Kivu, wazee waliijua tangu zamani ile hewa mbaya waiitayo mazuku. Hutoka chini ya ardhi katika nyufa za mawe ya volkano, nayo ni ile iitwayo kaboni dioksidi. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, kwa hiyo hukaa chini, katika mabonde na mashimo, kama maji yakaavyo katika bakuli. Usiku na alfajiri, kabla jua halijapasha ardhi joto na upepo haujavuma, huongezeka. Mtu mzima aweza kupita akiwa amesimama, kichwa chake kikiwa juu ya ile hewa, asidhurike. Mbwa amfuataye nyuma akaanguka, na mtoto aliyeinama kuokota mpira asiinuke tena. Kufukia shimo kwa majani hakuondoi kitu, maana hewa yatoka chini wala haizuiliwi na majani. Hufanya jambo moja tu: huficha mahali pa hatari, mtoto akadhani ni pahali pa kuchezea.

Je, yule mama ana wajibu wa kusema? Swali hili ni la zamani sana. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristu, mwanasheria wa Roma aitwaye Cicero alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu wa mtu, na ndani yake aliweka mfano ulio karibu sawa na huu wetu. Mtu mwema auza nyumba yenye kasoro azijuazo yeye peke yake: yadhaniwa ni yenye afya, kumbe yaleta magonjwa; nyoka huonekana vyumbani; miti yake ni mibovu. Je, akikaa kimya ametenda dhuluma? Wenye hekima wawili wa Wayunani walipingana. Mmoja, Diogenes wa Babeli, alisema kwamba kunyamaza si kudanganya. Mnunuzi hakulazimishwa, ana macho yake, atazame mwenyewe. Tena ni upumbavu kumtuma mpiga mnada atangaze mabaya ya nyumba yako. Mwingine, mwanafunzi wake Antipater, alikataa. Kumwacha mtu aingie katika hasara kwa kutojua, huku wewe wajua, ni kama kukataa kumwonyesha njia msafiri aliyepotea, jambo ambalo huko Atene lililaaniwa na watu wote. Tena ni baya kuliko hilo, kwa sababu faida unaipata wewe. Cicero alipima maneno yote mawili akaamua pamoja na Antipater. Naye hakuwa Mkristu, wala hakusikia amri za Musa zikifundishwa. Akili ya mtu peke yake yatosha kufika hapo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyekufa mwaka 1274, alitutengenezea jambo hili vizuri zaidi, kwa kutenga kasoro za namna mbili. Iko kasoro ionekanayo, kama farasi mwenye jicho moja. Muuzaji hana lazima ya kupiga kelele juu yake, mradi bei ameipunguza ipasavyo. Kila mtu aona. Na iko kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hatari au hasara. Hiyo ni lazima kuitaja. Asiyeitaja ametenda udanganyifu, na mapatano yake si ya haki.

Tuupeleke mpango huo Goma. Nyiragongo ni jicho la farasi. Unaonekana na kila mtu, hata na mtoto, na mwenye nyumba halazimiki kumwambia mpangaji kwamba pana mlima wa moto. Vita navyo si siri ya mtu. Hizo ndizo kasoro zilizoshusha bei toka 100 mpaka 40, na bei yenyewe yazitangaza. Bali lile shimo nyuma ya ua si jicho la farasi. Mtu atokaye Masisi juu, mahali pasipo na mazuku, ataliona kuwa shimo tu, na labda atafurahi kwamba pana mahali pa kufunga mbuzi wake. Ni yule mama peke yake ajuaye. Kwa hiyo ni lazima aseme, tena aseme kabla ya fedha kutolewa, wala si baada ya mtu kupakua vyombo vyake.

Hapa watu wengine hukosea njia kwa namna ya upole. Husema: "Nitanyamaza, lakini nitashusha bei mpaka dola 30, na hivyo haki itatimia." La hasha. Bei ndogo yaweza kulipa ubao uliooza. Haiwezi kulipa mtoto. Kama ile hewa hufika mpaka chumba cha kulala, hakuna bei yoyote iwezayo kukihalalisha chumba kile, na yapasa kukifunga. Kama iko katika shimo tu nje ya ua, yapasa kujenga ukuta wa makoro kulizunguka, kuweka onyo, na kumweleza mpangaji na watoto wake kwa kuwapeleka mpaka pale mchana na kuwaonyesha wakiwa mbali. Makoro hayanunuliwi, yamejaa kila mahali. Sheria ya Musa ilimwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake kuwa juu ya nyumba ile. Ukuta wa mazuku ni ukingo huo huo.

Na katika Kitabu cha Walawi, sura ya 14, liko jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi kwa sababu laonekana geni. Pasemwa juu ya nyumba yenye ukoma, yaani madoa ya kijani au mekundu yanayokula ukuta. Ni nani aliyepaswa kwenda kwa kuhani na kusema kwamba nyumba yaonekana ina ugonjwa? Si jirani, si mpangaji. Ni mwenye nyumba mwenyewe. Naye alijua vizuri yatakayofuata: nyumba itatolewa vyombo, itafungwa siku 7, mawe yenye doa yatang'olewa na kutupwa nje ya mji, na doa likirudi, nyumba yote itabomolewa. Alikuwa na kila sababu ya kupaka chokaa na kunyamaza. Sheria ilimtaka azungumze kwa kinywa chake juu ya hasara yake.

Sasa yule jirani mwenye kungojea wakimbizi. Maneno yake yana ukweli ndani yake, nao ndio unaoyafanya yavutie: nyumba yaweza kupanda bei tena, na mwenye nyumba aweza kuifuata bei ya soko kwa kiasi. Lakini tazameni anachokingojea. Anangoja usiku ule ambapo familia imetembea toka Kibumba au Kitshanga, mama amebeba godoro, hawana mahali pengine, na kila chumba kitapata mtu kwa bei yoyote. Mtakatifu Tomaso aliuliza pia juu ya hilo. Akajibu kwamba kama muuzaji apata hasara ya kweli kwa kuachana na kitu chake, aweza kuihesabu katika bei. Bali kama faida kubwa ya mnunuzi yatokana na shida ya mnunuzi mwenyewe, muuzaji asiiongezee bei, kwa maana anauza kitu ambacho si chake. Shida ya mkimbizi si mali ya mwenye nyumba. Hakuijenga yeye wala hakuinunua.

Basi watu 20 wakiingia mahali palipokuwa na 6, choo kitajaa upesi, maji yatalipiwa zaidi, mbao zitachoka. Hayo ni gharama za kweli, na kuyahesabu ni haki. Kugawa chumba kimoja viwe viwili kwa ubao si dhambi, kama watu hupata nafasi ya kunyosha miguu na kuvuta pumzi. Ila kuzidisha bei mara tatu kwa sababu nje mvua yanyesha na mtoto analia, huko ndiko kuuza mvua na kilio.

Nimesema mengi juu ya mwenye nyumba, na huenda wapangaji kati yenu wamefurahi. Wasifurahi bado. Kanuni ile ile yageuka na kuwatazama wao. Mpangaji ajuaye kwamba mjane hana unga ndani, akasema, "Huna mwingine ila mimi, nitakupa dola 10," naye auza shida isiyo yake. Vivyo hivyo yule mwenye fedha azungukaye katika mitaa iliyoharibika wakati wa hofu, akinunua parsele kwa bei ya mbuzi kwa watu wenye magunia yao begani. Namkumbuka hapa nabii Yeremia. Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, yeye mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi, na mashamba ya Anathothi yalikuwa tayari mikononi mwa adui. Binamu yake Hanameli akamwendea amuuzie shamba. Wakati ule angeweza kumpa kitu kidogo tu, au kumcheka. Yeye alimpimia shekeli 17 za fedha katika mizani, akaita mashahidi, akaandika hati mbili, moja yenye mhuri na moja wazi, akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Unabii uliokuwa ndani ya tendo lile ni fundisho la siku nyingine. Mimi natazama mizani na mashahidi. Mahali palikuwa pameharibika kabisa, na mapatano yakafanywa kama kwamba amani ilikuwapo.

Hati ile yanileta kwa jambo la mwisho, ambalo watu wa Goma hugombana juu yake kuliko yote, yaani garanti. Ni fedha anayoitoa mpangaji siku ya kuingia, ili mwenye nyumba awe na kitu cha kushika kama vitu vimevunjwa au kodi haikulipwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupangisha haikubali garanti ya nyumba ya kukaa izidi miezi mitatu, ijapokuwa wapo waombao sita. Garanti si kodi, wala si zawadi. Ni amana, na amana hurudi kwa mwenyewe.

Yule karani wa shirika alipoingia alitoa garanti ya miezi mitatu, yaani dola 300. Mama alizitumia katika matanga ya mumewe. Karani alipoondoka kwa haraka hakuzidai, lakini hakuzisamehe. Juzi alituma ujumbe toka Bukavu. Shemeji asema nyumba sasa ni ya dola 40, kwa hiyo garanti yake nayo ni 40 mara tatu, arudishiwe 120 na anyamaze. Hesabu hiyo ni ya mkato, lakini si ya haki. Thamani ya nyumba ndiyo iliyoshuka. Amana haikushuka, kwa kuwa haikuwa nyumba. Ilikuwa dola 300 za karani zilizolala kwa mama. Anadaiwa 300 zote, akitoa tu gharama ya kitasa kilichovunjwa, kama kilivunjwa kweli.

Yule mama hana dola 300. Asiyeweza kulipa leo hapati dhambi kwa kutolipa leo. Hupata dhambi akikana deni. Basi afanye hivi. Amjibu karani kwamba deni analijua, na ataje tarehe ya kuanza kulilipa. Amwite komisioneri na kumwambia kwamba shimo litatajwa kwa kila mtu ajaye, na kwamba asiyependa kulitaja asilete mtu. Watoto wake na vijana wa mtaa wakusanye makoro wajenge ukuta siku ya Jumamosi, mchana jua likiwa kali na upepo ukivuma, na pasiwe na mtu wa kushuka ndani. Nyumba aitangaze kwa dola 50, akubali 40 au 45. Mpangaji mpya akija, akae naye barazani, amwambie habari za mbuzi wale wawili, amwonyeshe ukuta, kisha waandike karatasi mbele ya mkubwa wa mtaa: bei, garanti ya miezi mitatu isiyopita dola 135, na neno moja juu ya shimo. Garanti hiyo mpya asiiguse, wala asiitumie kulipia ya zamani, maana angekuwa anafunika tundu kwa kutoboa jingine. Katika dola 45 za kila mwezi amtengee karani 10. Itachukua miezi 30, kama mpangaji atakaa.